Mguu Usiokunjika na Vyoo vya Mjini

Nimepona, ndiyo maana naandika. Ningeandika wakati ule wa maumivu, karatasi yote ingejaa matusi, na matusi hayamsaidii mgonjwa mwenzangu aliyekaa kwenye benchi huku akibana tumbo. Sasa natembea. Goti langu la kulia linakunjika kidogo tu kisha linakataa, lakini ni langu na liko mahali pake. Nina hamu ya kusimulia habari hii kiasi kwamba mke wangu Limi amenitolea meza nje, maana amechoka kunisikia nikicheka peke yangu sebuleni.

Ugonjwa wenyewe sitaueleza, wenye elimu yao wapo. Ninachojua ni kwamba nilikuwa mchimbaji shimoni, kwenye mgodi wa dhahabu kule Geita, na goti likaanza kuvimba bila kugongwa na kitu. Likavimba mpaka likawa kama kibuyu, na paja juu yake likanywea mpaka suruali ikawa inapwaya upande mmoja. Zahanati ya mgodini ikashindwa. Wakaniambia nitafute hospitali kubwa, na kazi ikaishia hapo. Mimi na Limi tukamwachia kaka yangu watoto wetu, Shija na wadogo zake, tukapanda lori, tukapita Ushirombo na Kahama, mguu wangu umelazwa juu ya sanduku langu la nguo, na kila shimo la barabarani nililijua kwa jina.

Tulikwenda Shinyanga kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na kwa sababu nyumbani kwa kina Limi ni Ibadakuli, karibu na mji. Daktari alinifunga plasta nyeupe kuanzia kwenye nyonga mpaka kifundoni, ile ambayo watu wanaiita muhogo. Halafu akanieleza masharti. Sindano kila asubuhi isipokuwa Jumapili, tangu mvua hizi mpaka pamba iishe kuchumwa. Mwisho wa sindano atakuja daktari wa mifupa kutoka mbali, anayefika mara chache kwa mwaka, naye ndiye atakayeamua.

"Ukikatiza sindano," alisema kupitia kwa dresa, msaidizi wake wa vidonda na sindano, aliyekuwa akitafsiri, "mguu tutaukata hapa." Akaonyesha kwa kiganja, juu ya goti, mahali penye nyama yangu mwenyewe.

Niliitikia. Nilikuwa mtu wa shimoni, sindano hainitishi. Hakuna aliyeniambia kuhusu choo.

Jaribu leo, wewe mwenye miguu mizima. Nyoosha mguu mmoja uwe kama mti, usikunje hata kidogo, kisha uchuchumae. Utaanguka chali. Na vyoo vyote vya mji ule, vile ambavyo enzi zile za mkoloni mtu mweusi aliruhusiwa kuingia, vilikuwa vya kuchuchumaa.

Nyumbani Ibadakuli tulipata njia. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawasemezani, na wala hawakanyagi choo kimoja. Mama mkwe wangu, mjane, Mama Limi, alikuwa akishika desturi hiyo kwelikweli. Nikiwa nimekaa uani yeye alipita upande wa pili wa nyumba, na akiwa na neno langu aliuambia ukuta. "Limi, mwambie mkwe wangu uji upo." Nami nilikuwa hapohapo namsikia, nikamjibu Limi, na Limi akauambia ukuta. Basi choo chake kilikuwa mwiko kwangu, na Limi akanichimbia handaki langu nyuma ya zizi, akasimika nguzo mbili za kushikilia. Nilining'inia pale kama ngozi inayoanikwa, lakini mambo yalikwenda.

Shida ilikuwa mjini. Jirani alikuwa na gari la ng'ombe lililopeleka maziwa mjini alfajiri na kurudi alasiri. Ndilo lililonibeba. Sindano yenyewe ni ya kufumba na kufumbua, lakini foleni ilikula asubuhi nzima, na baada ya hapo ningoje gari mpaka jua lipinduke. Tangu alfajiri mpaka alasiri nilikuwa mali ya mji. Porini pangenisaidia, lakini Shinyanga ya miaka ile ilikuwa imefyekwa miti na vichaka kila upande kumfukuza mbung'o, yule nzi anayeua mifugo. Ng'ombe walinusurika, sisemi kitu. Ila mtu aliyetaka kujificha alikuwa na chaguo la kuonekana kutoka stesheni au kuonekana kutoka sokoni.

Stesheni kulikuwa na choo cha kukalia. Nilijua choo hicho kikoje, kwa kuwa kule Geita niliwahi kubeba mabomba kwenye nyumba ya mzungu mmoja na nikakiona. Siku moja nikajikokota na magongo yangu mpaka kwa karani wa stesheni. Alikuwa kijana mpole, funguo zimening'inia mkandani.

"Shikamoo, baba," akasema.

"Marahaba. Naomba ufunguo wa choo. Mguu wangu huu haukunjiki."

"Choo kile ni cha abiria wa daraja la kwanza, baba."

"Basi nikatie tiketi ya daraja la kwanza."

"Unakwenda wapi?"

"Chooni."

Alicheka, mimi nikacheka, tulicheka vizuri sana. Lakini hakufungua. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba siku mkubwa wake akimkuta mtu kama mimi mle ndani, yeye hana kazi, na nikaona ni kweli. Nikageuza magongo.

Ndipo nikajaribu choo cha sokoni. Mlango wake ulikuwa mwembamba, magongo yakakataa kuingia nami, nikayaacha nje. Sakafu ilikuwa imeloa. Nikashika ukuta, nikatanguliza muhogo wangu mbele, nikajishusha taratibu kwa mguu mmoja, na mguu huo mmoja ukateleza. Sitaeleza zaidi. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza viazi ndio walionivuta nje, na hawakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Plasta ililowa. Dresa alinigombeza mbele ya foleni nzima kwamba naichezea mali ya serikali.

Tangu siku ile nikaacha kula siku za sindano, na siku za sindano zilikuwa zote isipokuwa moja. Niliacha maji pia. Nilirudi jioni midomo imepasuka, nikala kidogo, nikaogopa hata hicho kidogo. Mvua ziliishia zikiniacha mifupa. Pete yangu ya shaba ilidondoka kidoleni nikiwa nanawa, nikaifunga kwenye upindo wa shuka. Siku moja kwenye benchi taa zilizima mchana kweupe. Nilipoamka nilikuwa chini, na dresa yuleyule aliyenigombeza ameninyanyua kichwa ananipa maji kwa kijiko.

"Dawa hii inataka maji," aliniambia. "Usipokunywa itakuua kabla ya ugonjwa."

"Nikinywa nitakwenda wapi?"

Alitazama kule nyuma kwenye choo cha wagonjwa, mashimo mawili na mbao zake, na akaendelea kunipa maji. Nilimpenda tangu siku hiyo, maana hakunidanganya.

Jioni ile nikamwambia Limi basi. Nimechoka. Turudi Geita, nitakaa kwa kaka yangu, mguu ukitaka uoze uoze wenyewe. Limi alikuwa anapepeta mtama. Aliuweka ungo chini.

"Baba Shija, mguu unakatwa kwa sababu ya choo?"

"Hujui aibu yake."

"Nani anafua nguo zako? Aibu yake naijua. Nakuuliza, watoto wakiuliza mguu wa baba ulikwenda wapi, niwaambie ulikosa pa kujisaidia?"

Tuligombana. Sikuwahi kumpandishia Limi sauti namna ile. Nilisema maneno ya kijinga juu ya ukoo wake na handaki lao la nyuma ya zizi, nikijua kabisa mama yake yuko upande wa pili wa ukuta anasikia yote. Ukuta haukujibu. Limi alisimama amenikazia macho, na mimi nimekaa juu ya lile sanduku langu la nguo, mguu umenyooka mbele yangu. Lilikuwa sanduku la mbao la baruti, mojawapo ya yale ambayo mgodini yakishaisha kazi kila mchimbaji anajipatia moja la kuwekea vitu. Hasira ilimtoka Limi usoni polepole, akawa ananitazama kama fundi cherehani anayepima.

"Hapo ulipokaa," akasema, "goti linauma?"

"Haliumi."

"Unaweza kukaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka kesho, ukiacha kunigombeza."

"Basi tutoboe."

Sikumwelewa mara moja. Halafu nikamwelewa, na nakwambia moyo ulinidunda kama siku ya kwanza niliyoshuka shimoni. Tukamwaga nguo. Tukaligeuza, tukang'oa ubao wa chini, na ule wa juu tukauchora duara kwa mkaa. Tuliazima msumeno kwa jirani mwenye gari la ng'ombe tukamwambia ni kazi ya mlango. Limi alikata, mimi nikashika. Tukaunguza kingo kwa chuma cha moto, tukalainisha kwa kigae cha chupa, tukafunga kamba ya kubebea. Sanduku jepesi, imara, lina tundu juu na halina kitako chini, linakaa juu ya shimo lolote la choo duniani. Tulikuwa tunacheka kama watoto, tumesahau kwamba muda mfupi uliopita tulitaka kuachana. Ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta, nzito na ya heshima zote.

"Limi. Mwambie mkwe wangu hicho kitu akipake samli ukingoni. Mbao za namna hiyo zina vibanzi."

Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nilitamani kumkumbatia. Sikuweza lolote katika hayo. Nikamwambia Limi amwambie wabeja sana, yaani asante sana, na Limi akauambia ukuta huku anajifuta machozi ya kicheko.

Kesho yake nilikula uji bakuli zima. Limi alilifunga sanduku kwa kaniki yake nyeusi, kwa kuwa sikutaka mji mzima ujue nimebeba nini, akalitwika kichwani, tukaenda. Baada ya sindano tukafika choo cha sokoni. Limi aliingia kwanza, akalikalisha sanduku pale kwenye shimo, akatoka, akasimama mlangoni. Mimi nikaingia, nikageuka, nikashika ukuta, nikajishusha.

Nilikaa. Ndugu msomaji, nilikaa, mguu wangu wa muhogo umenyooka mbele kama wa bwana mkubwa aliyepumzika barazani, na hakuna kilichonivuta chini wala kilichoteleza. Raha ile siwezi kuilinganisha na kitu. Nikaanza kuimba.

Hapa inabidi nieleze kwamba kabla ya mgodi nilikuwa manju. Nilikuwa mtunzi na kiongozi wa kundi moja la ngoma upande wetu wa Shinyanga, na sauti yangu watu waliijua. Tangu goti lianze sikuwa nimeimba hata mstari. Mle chooni wimbo ulikuja wenyewe, mpya kabisa, na sikuona sababu ya kuuzuia. Kila siku nikaongeza kipande. Wauza viazi wakaacha kuita wateja wakanisikiliza. Ndani ya wiki chache vijana wa kundi langu la zamani wakaukamata wimbo wote wakiwa nje ya choo, wakaenda nao. Nami nikanenepa. Dresa akanitania kwamba nimeoa mke wa pili anayejua kupika.

Pamba ikaanza kuchumwa, na baada yake msimu wa ngoma ukafika. Kwetu makundi mawili yanacheza siku moja kwenye uwanja mmoja, kila moja upande wake, na watu huhamahama mpaka waamue. Lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Kwa sababu hiyo kila manju hutafuta dawa ya mvuto kwa waganga, huifunga nguo na kuiweka katikati ya wachezaji wake, na asiyehusika haruhusiwi kuigusa. Kundi letu la zamani likacheza wimbo wangu wa chooni, na upande wa pili ukabaki na mbwa na vikongwe wasiosikia. Likacheza tena, ikawa vilevile.

Manju wa upande wa pili aliitwa Luhende. Tulikua pamoja, tukachunga pamoja, na tangu ujana wetu tulikuwa tunashindana. Sasa mtazame Luhende. Anasikia kwamba Mabula, mpinzani wake, yaani mimi, amerudi kutoka Geita kwenye dhahabu. Anasikia kwamba Mabula hatoki bila kitu kilichofungwa kaniki nyeusi, mkewe amekitwika, na hakuna aliyekiona. Anasikia kwamba kila siku Mabula anajifungia nacho mahali pachafu na kukiimbia, na wimbo ukitoka humo unakusanya watu wote. Mimi mwenyewe ningekuwa Luhende ningeshawishika.

Siku ya daktari wa mifupa ikawa ndiyo siku ya ngoma kubwa, kwenye uwanja uliotazamana na hospitali, barabara tu katikati. Nilishamaliza sindano zote. Tuliambiwa tangu mapema kwamba daktari atapita siku hiyo moja, ataita kwa majina, na atakayeitwa asiwepo atangoja safari nyingine. Dresa alininong'oneza kwamba wiki zile goti lingepaswa kufunguliwa na kuangaliwa, na likiachwa ndani ya plasta miezi mingine hakuna atakayeweza kuliokoa. Nikaelewa. Mguu wangu ulikuwa unaitwa leo.

Kwa wasiwasi wa siku hiyo nilikunywa maziwa ya mgando mengi mno. Mama mkwe alikuja nasi kwa gari la ng'ombe, ametupa mgongo safari nzima, amebeba chakula cha mchana. Pale hospitali alikaa mwisho wa baraza akitazama bustani ya mkuu wa hospitali. Mimi nikakaa kwenye benchi, sanduku chini ya benchi ndani ya kaniki, Limi akaenda kuuliza zamu yetu. Foleni ilikuwa ndefu, kila mtu akitazama mlango. Ng'ambo ya barabara ngoma zikaanza kulia na mwili wangu ukawa unajibu.

Halafu tumbo likakata, si kidogo, na likakata tena. Nikainama kuchukua sanduku, na chini ya benchi hapakuwa na kitu.

"Limi," nikaita. "Liko wapi?"

Hakujua. Mzee aliyekaa karibu yangu akasema vijana wawili waliojipaka majivu ya ngoma wamelichukua, alidhani ni ndugu zangu. Nikatazama ng'ambo. Na nikaliona. Liko katikati ya kundi la Luhende, juu ya mkeka, bado ndani ya kaniki, na Luhende mwenyewe analizunguka akiruka kwa heshima zote, usinga mkononi.

Mlangoni dresa alikuwa ameanza kuita majina. Kuvuka barabara na magongo nisingefika. Choo cha mashimo mawili nilikijua kitanifanya nini, na mara hii nikianguka nitaanguka na mguu unaosubiri kuhukumiwa. Kukaa pale pale nijiharibie mbele ya watu wote, niingie kwa daktari nikinuka, hilo nalo nilishindwa. Nikamwambia Limi nipeleke nyuma ya ukuta, mbali, twende tu, na daktari aite atakavyo. Nilishasimama. Nilishaanza kuuacha mguu wangu.

Mama mkwe akainuka.

Hakunitazama. Alijitanda kanga yake vizuri, akashuka barazani, akavuka barabara, akapita katikati ya watazamaji akiwasukuma kwa kiwiko. Mwanamke wa rika lake haingii kwenye uwanja wa wachezaji. Aliingia. Alisimama mbele ya mkeka, na kwa kuwa wapiga ngoma walimshangaa wakaacha mmoja mmoja, sote barazani tukamsikia.

"Luhende, mwanangu. Hicho unachokirukia ni choo."

Luhende akashusha usinga.

"Ni choo cha mkwe wangu," akaendelea. "Anakalia hapo kwa sababu goti lake halikunjiki. Sasa hivi tumbo linamkata na daktari anamwita. Fungua nguo uone tundu."

Mtu mmoja akafunua kaniki. Tundu likaonekana, jeusi, la duara, linang'aa samli. Nakwambia uwanja ule ulicheka mpaka vumbi likainuka. Wa upande wetu walicheka, wa upande wa Luhende walicheka, wagonjwa barazani wakashika vidonda vyao wakicheka. Mama mkwe peke yake hakucheka. Aligeuka akarudi kama alivyokwenda, na Luhende akamfuata nyuma amelishika sanduku kwa mikono miwili, mbali na mwili wake.

"Mabula," akaniambia, uso umemvimba kwa aibu. "Sikujua. Lakini lifute kwanza. Nimelipaka dawa yangu ya mvuto."

"Nitalifuta nikirudi," nikamwambia, na Limi akalinyakua tukaenda kwenye choo cha wagonjwa.

Sikuimba siku ile, sikuwa na muda. Nilipotoka nikakuta bibi mmoja amesimama karibu na mlango wa choo, mgongo umepinda, mkono kwenye nyonga.

"Baba," akasema chinichini, "ukimaliza, naomba na mimi. Tangu jana natembea nacho."

Nyuma yake alisimama mwanamke mwenye mimba iliyokaribia, amejishika ukuta. Nyuma yake yule mzee wa kwenye benchi na miguu yake iliyovimba. Nyuma yake kijana wa kiwanda cha pamba aliyekatika vidole vya mguu. Miezi yote ile nilikaa nao benchi moja nikidhani mwenye haya ni mimi peke yangu, kumbe nusu ya foleni ile ilikuwa inashinda njaa kama mimi. Sijui kama ilikuwa dawa ya Luhende iliyowavuta. Nikamwachia bibi sanduku, na jina langu likaitwa.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Walipasua muhogo kwa mkasi mkubwa. Mguu uliotoka ndani ulikuwa mwembamba kama wa korongo, mweupe kwa magamba, una nywele kama za mtu mwingine, na nilipouona nilimwonea huruma mwenyewe, ingawa mwenyewe ni mimi. Akabonyeza goti. Akabonyeza tena, pembeni, juu, nyuma. Akauliza kama sindano hata moja imekosekana, dresa akasema hakuna.

"Hatukati," dresa akatafsiri, na akasahau utumishi wake akanishika bega akalitikisa. "Hatukati, bwana. Utajifunza kutembea."

Nililia pale mezani, suruali haipo, na sikuona haya hata kidogo. Nilipotoka nje foleni ya kwenye sanduku ilikuwa imefika kwenye kona. Limi aliniuliza tufanyeje. Nikamwambia tuliache. Baadaye nilisikia dresa alilipatia msumari wa kulitundika na kitambaa cha kulifutia, na kwamba mtu wa kiwanda cha pamba ametengeneza la pili, refu kidogo, kwa ajili ya vikongwe.

Wewe unayesoma hapo kwenye benchi yako, nina neno moja tu la kukupa. Sema. Mwambie mwenzio wa kulia na wa kushoto kwamba huwezi kuchuchumaa, huwezi kujizuia, huwezi kufika. Mimi sikusema, na nusura nitoe mguu mzima kulipia kimya changu. Sikujiokoa mwenyewe. Nilisemewa, na aliyenisemea alikuwa mtu ambaye hakuruhusiwa hata kunisalimu.

Maana kwa desturi yetu mama mkwe anayetaja mambo ya siri ya mkwe wake mbele za watu amevunja kitu kikubwa. Wazee wa ukoo walikutana Ibadakuli, wakasema lazima atoe mbuzi wa kusafisha aibu, na mbuzi akishaliwa na pande zote mbili ule mwiko kati yetu umeondoka. Nilipinga. Nilisema nitoe mimi. Wakasema haiwezekani, aliyevunja ndiye anayetoa. Alikuwa na mbuzi wachache, na aliyemtoa alikuwa jike lenye mimba.

Tukala. Wazee wakanawa mikono. Nikamwona Mama Limi anazunguka nyumba kwa upande wa mbele, njia ambayo sikuwahi kumwona akiipita, akaja mpaka nilipokaa na mguu wangu mwembamba uliofungwa vitambaa. Nikainamisha uso kwa mazoea. Akavuta kigoda akakaa mbele yangu, akaniangalia usoni, nami nikainua macho, na hapo ndipo nilipojua kwamba Limi amechukua macho ya mama yake.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, Mabula." Alitazama goti langu, akaweka kiganja juu yake, taratibu, kama mtu anayepima joto la mtoto. "Wamesema mbuzi," akasema. "Wangesema ng'ombe, ningetoa ng'ombe."